Gaju, Mbwa Aliyefugwa Kama Ndama

Siku Mbelgiji alipomletea mbwa, Victoire Mukakalisa alimtazama miguu kwanza. Ndivyo alivyofundishwa kwao Masisi: ndama huangaliwa kwato na magoti, si uso. Mbwa huyu alikuwa na miezi minne tu, lakini nyayo zake zilikuwa pana kama visahani vya chai, na magoti yalikuwa mafundo makubwa kwenye miguu myembamba. Victoire akajua kwamba mwili wenyewe ulikuwa bado haujafika.

Ilikuwa Agosti 1998, wiki ileile uasi mpya ulipoanza Goma. Mbelgiji huyo aliitwa Édouard, na kwa miaka minne alikuwa akiwafundisha wafugaji wa milimani kukausha jibini ili isioze njiani. Victoire aliiuza jibini hiyo, fromaji kwa watu wa mtaani, katika chumba kimoja cha mbao huko Ndosho, mtaa wa Goma, na kila Jumamosi Édouard alipita kununua. Siku hiyo hakununua. Alisimama mlangoni na begi moja mkononi, kamba ya mbwa katika mkono wa pili.

“Mama Victoire, gari linanisubiri. Halina nafasi ya mnyama.”

“Na hao rafiki zako?”

“Wote wanataka mbwa wa kuuma watu. Huyu hatauma mtu.”

Victoire akamtazama tena mbwa, ambaye alikuwa ameegemeza mwili wake wote kwenye paja la Mbelgiji na kufumba macho.

“Anakula nini?”

“Kila kitu,” Édouard alisema. “Hiyo ndiyo shida.”

Akaacha kamba, na karatasi moja yenye mistari minane ya Kifaransa, akaenda.

Hakuna jirani aliyeelewa kwa nini Victoire alikubali, maana nyumbani kwake hapakuwa na hata kuku. Mwaka 1993, vita vilipofika kwao Masisi, baba yake alikuwa na ng'ombe hamsini na wawili. Familia iliondoka alfajiri, ikawaacha zizini, ikidhani itarudi baada ya siku tatu. Walisikia ng'ombe wakilia mpaka walipovuka kilima cha pili. Hawakurudi, na ng'ombe hawakuonekana tena. Tangu siku hiyo Victoire alikuwa amejiapiza, bila kumwambia mtu, kwamba mnyama yeyote atakayeingia kwake hataachwa nyuma. Njia rahisi ya kutimiza kiapo hicho ilikuwa kutofuga chochote. Aliitumia kwa miaka mitano, mpaka Jumamosi hiyo.

Aliyekasirika alikuwa Muzee Ntirenganya, mdogo wa baba yake, mchungaji wa ng'ombe hao hamsini na wawili, ambaye sasa alishinda kwenye kiti nyuma ya nyumba bila kazi. Victoire alikuwa mjane, binti yake wa pekee ameolewa Rutshuru, kwa hiyo watu hao wawili wa Masisi waliishi peke yao.

“Mukakalisa, imbwa haiingie mu nyumba ya bafugaji,” mzee alisema. “Baba yako angekufa mara ya pili.”

“Basi tuseme ni ndama.”

Mzee akainuka, akamzunguka yule mnyama mara mbili, akampapasa mgongo kutoka shingoni hadi mkiani. Rangi yake ilikuwa ya majani makavu, na kwa Kinyarwanda ng'ombe wa rangi hiyo ana jina lake.

“Gaju,” mzee akasema, na suala la nyumba halikuzungumzwa tena.

Kuanzia hapo Gaju alilelewa kwa desturi za zizi. Kila Jumatatu mzee alimpima kifua kwa kamba na kufunga fundo mahali kamba ilipoishia. Kila asubuhi alimsugua kwa kitita cha majani makavu, kutoka juu kwenda chini, kama wanavyosuguliwa ng'ombe wa sherehe. Chakula chake kilikuwa ugali, huko unaitwa bugali, vichwa vya dagaa waitwao sambaza, na yale maji yanayobaki maziwa yakishaganda, ambayo Victoire alikuwa akiyamwaga kila siku na sasa aliyatunza kwenye pipa.

Lakini karatasi pia iliheshimiwa. Victoire alikuwa amefika darasa la sita, na Kifaransa chake kilitosha. Mstari wa kwanza ulieleza asili. Mababu wa mbwa hawa waliwinda nguruwe mwitu katika misitu ya Ujerumani, kazi iliyohitaji mbwa mzito asiyeogopa meno. Bunduki zilipochukua kazi hiyo, mabwana wakubwa waliwahamishia milangoni na vyumbani mwao, na vizazi vikapita wakichagua walio wapole. Ndiyo maana, karatasi ilisema, mbwa huyu amebaki na umbo la vita na moyo wa mtu wa nyumbani. Mstari wa tatu ulikataza ngazi na kurukaruka kabla ya mwaka na nusu, kwa sababu mifupa hukua upesi kuliko nguvu zake. Wa tano ulisema apewe chakula mara mbili kwa siku, kidogo kidogo, na baada ya kula alale saa nzima, asikimbie. Karatasi haikusema kwa nini. Wa nane ulikuwa mfupi: hawapiti sana miaka minane.

Victoire aliufuata mstari wa tano kama mtu anavyofuata saa za misa. Asubuhi beseni, jioni beseni, na baada ya kila beseni aliketi na Gaju ndani, mlango umefungwa, saa nzima.

Alipofika mwaka na nusu, jirani yao Kambere, mfanyabiashara wa maharage kutoka Butembo, aliomba apimwe kwenye mizani yake ya magunia ya kilo sitini. Watu wa mtaa mzima walikuja kutazama. Gaju alipanda, akaketi, akapiga miayo. Kilo sitini na nne.

“Gunia moja na kidogo,” Kambere alisema. “Lakini gunia yangu haikule usiku na asubuhi. Mama Victoire, hii imbwa inakula kuliko batoto bangu bote.”

“Batoto bako banakula maharage. Ndiyo sababu banabaki bafupi.”

Shida kubwa zaidi haikuwa chakula. Goma imejengwa juu ya mawe meusi ya volkano, na mawe hayo hukata kama chupa iliyovunjika. Mbwa wa kawaida hukanyaga kwa wepesi na kupita. Gaju alikanyaga kwa kilo sitini na nne, na nyayo zake zilichanika kila wiki. Victoire alimpeleka kwa fundi viatu aliyekaa karibu na njia ya Sake. Fundi alichora miguu minne kwenye katoni, akakata mpira wa ndani wa tairi la lori, akashona viatu vinne vyenye kamba. Gaju alivivaa kwa huzuni siku mbili, kisha akavizoea kabisa, hata alikataa kutoka nje bila hivyo.

“Imbwa iko na viatu,” Kambere alisema alipomwona akipita, “na miye iko natembea na kandambili.”

Habari za mbwa mkubwa hazikukaa Ndosho. Mwaka 2000 kamanda mmoja wa waasi walioshika mji alituma askari wawili wamchukue. Victoire alikuwa akikamua jibini. Aliosha mikono, akasimama kati yao na Gaju. Alilifikiria zizi la Masisi.

“Mama, komanda anasikia uko na simba.”

“Haiko simba. Ni imbwa.”

“Inauma?”

“Muulize yeye.”

Yule askari mwenye bunduki alisogea. Gaju naye alisogea, akafanya alichokuwa akiwafanyia wageni wote aliowapenda: aligeuka ubavu na kumwegemea. Askari hakuwa amejiandaa kubeba kilo sitini na nne. Alirudi nyuma hatua moja, ya pili, kisha akakaa kitako ndani ya beseni la maji ya maziwa, bunduki ikielekea dari. Mwenzake alicheka mpaka akashika ukuta. Hapo kuku wa jirani akaingia kutafuta punje, na Gaju, ambaye kuku mmoja aliwahi kumdonoa pua utotoni, akakimbilia nyuma ya Victoire kujificha. Alificha kichwa. Mwili wote uliobaki ulionekana.

“Twende,” askari aliyelowa alisema, akijikamua suruali. “Utaambia komanda ku rapport: simba iko mugonjwa.”

Hawakurudi. Victoire alimaliza kukamua jibini yake.

Jaribio la kweli lilikuja Alhamisi, tarehe 17 Januari 2002. Tangu asubuhi ardhi ilikuwa ikitikisika, na moshi ulipanda kutoka ubavu wa Nyiragongo, volkano iliyo juu ya mji. Kufikia adhuhuri watu wa vijiji vya Kibati na Munigi walikuwa wakishuka na magodoro vichwani, wakisema moto umepasua mlima na unakuja mjini. Saa nane njia ya Sake ilikuwa imejaa pande zote mbili.

“Acha imbwa, mama,” mwanamke mmoja alimwambia akipita. “Fungua kamba, itajitafutia.”

Victoire alikuwa akifunga viatu vya Gaju.

Ndani kulikuwa na jibini kumi na moja ambazo hangeweza kuzibeba, pipa zima la maji ya maziwa, na sufuria ya bugali ya asubuhi. Muzee Ntirenganya alikuwa amekwisha vaa koti, fimbo mkononi, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka tisa alizungumza kama mtu mwenye kundi.

“Mifugo ikiwa na safari ndefu, inajazwa tumbo kwanza. Tulifanya hivyo siku zote. Ikishiba haisimame njiani.”

Victoire aliijua desturi hiyo. Alikuwa ameiona tangu utoto. Aliujua pia mstari wa tano. Alisimama na beseni mkononi akivipima vyote viwili. Kisha akafikiria lava juu ya pipa lake, na wezi juu ya jibini yake, na ng'ombe walioachwa zizini bila hata maji. Akajaza beseni bugali na maji ya maziwa. Gaju akala. Akajaza la pili, akamvunjia jibini tatu ndani yake. Gaju akamaliza, akalamba beseni mpaka likahama mahali pake. Dakika kumi baadaye walikuwa barabarani, wakienda kwa haraka ya watu wanaosukumwa kutoka nyuma.

Walifika Mugunga, nje kidogo ya mji, kabla ya saa kumi na moja. Hapo Gaju akasimama. Alinyosha shingo kutapika, akatoa povu tu. Akajaribu tena, povu tena. Aligeuka akautazama ubavu wake kana kwamba mtu alikuwa amemgonga. Kisha akalala chini katikati ya njia, na Victoire alipoweka mkono juu ya tumbo lake alilikuta limekaza kama ngozi ya ngoma.

Akaelewa mstari wa tano ulikuwa wa nini.

“Ni mimi,” alisema. “Nimemuua mimi.”

“Ni mimi nilisema,” mzee akajibu. “Sogea.”

Alipiga magoti kwa shida. Aligonga tumbo kwa ncha ya kidole, akasikiliza, akagonga upande wa pili, akarudi kushoto.

“Nimeona hivi mara nyingi. Ngombe ikikula majani yenye umande. Kama upepo hautoke, moyo unasimama. Inatobolewa.”

“Muzee, huyu siyo ngombe.”

“Miaka tatu na nusu unaniambia ni ndama,” mzee alisema bila kumtazama. “Leta kisu.”

Kisu cha jibini kilikuwa kwenye mzigo wake, chembamba, chenye ncha. Kalamu ya biki aliyoitumia kuandikia tarehe kwenye jibini ilikuwa kwenye nywele zake. Mzee aliichomoa, akaitoa wino kwa meno, akabaki na bomba tupu. Lakini alipokishika kisu mkono wake ulitetemeka. Alikuwa na miaka sabini na minne. Alijaribu kuutuliza kwa mkono wa pili, na wa pili nao ukatetemeka.

“Utafanya wewe,” alisema.

Wakati huo Kambere alikuwa amewafikia, akisukuma chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali, imebeba magunia manne ya maharage na mke wake akitembea pembeni. Aliona, akaegesha chukudu, akaja kukishika kichwa cha Gaju kwenye mapaja yake bila kuambiwa.

Mzee alichukua kidole cha Victoire, akakipeleka nyuma ya ubavu wa mwisho, juu kidogo. “Hapa. Pale inapolia tupu. Usiende polepole. Ukienda polepole utamutesa.”

Victoire alitazama macho ya Gaju, yaliyokuwa wazi na hayamlaumu mtu. Akachoma kwa nguvu, akasokota kisu kidogo, akapitisha bomba la kalamu. Kwa muda hapakuwa na kitu. Kisha upepo ukatoka kwa mluzi mrefu, wa joto, wenye harufu ya maziwa yaliyochacha, na watu waliokuwa wamewazunguka wakarudi nyuma.

“Mama Victoire,” Kambere alisema, uso ameugeuza pembeni, “hii ni fromaji yako kabisa.”

Tumbo lilishuka polepole. Gaju akavuta pumzi ndefu. Hakuweza kusimama.

Kambere alimtazama, akaitazama njia iliyobaki hadi Sake, akaanza kufungua kamba za chukudu. Alishusha gunia la kwanza kando ya njia, kisha la pili, kisha yote mawili yaliyobaki.

“Na huko Sake tutakula nini?” mke wake akauliza.

“Tutakula fromaji.”

“Papa Kambere, siwezi kukubali,” Victoire alisema.

“Ile siku ya mizani nilisema gunia moja na kidogo. Sasa tutaona kama nilidanganya.”

Waliingia Sake usiku mwingi, mbwa amelala juu ya chukudu katika viatu vyake vinne, Kambere akisukuma, Victoire akishikilia bomba la kalamu kwa vidole viwili lisitoke, na mzee nyuma yao na fimbo, akiwaambia watu wapishe. Mganga wa mifugo wa pale, mtu wa makamo aliyeitwa Ferdinand, alimpokea uani kwake. Alimpapasa kwa muda mrefu.

“Tumbo lilijaa upepo, lakini halikujipinda,” alisema mwishowe. “Lingejipinda, hata mimi ningekuambia pole tu. Nani alimutoboa?”

“Mimi.”

“Ulisomea wapi?”

“Masisi,” Victoire alisema.

Ferdinand alishona tundu, akampiga sindano siku nne mfululizo. Gaju alikuwa na homa wiki nzima, kisha akaanza kumwegemea Ferdinand, na Ferdinand akasema amepona.

Waliporudi walikuta hadithi za watu waliopoteza kila kitu katikati ya mji. Ndosho ilikuwa imesimama. Lava haikuwa imefika, wala wezi. Kufuli ilikuwa mahali pake, na jibini nane zilikuwa mezani vilevile zilivyoachwa. Victoire alilitazama pipa ambalo alikuwa amemchotea mbwa kwa hofu ya moto ambao haukuja. Alitoa ile karatasi kwenye kopo ilimotunzwa, akaibandika ukutani karibu na picha ya Moyo Mtakatifu, mahali ambapo mtu mwenye beseni mkononi hawezi kukosa kuiona. Tangu siku hiyo Muzee Ntirenganya ndiye aliyegawa chakula, nusu asubuhi, nusu jioni, na ndiye aliyeketi mlangoni saa nzima, fimbo magotini.

Habari za kalamu zilienea kuliko habari za simba. Watu wenye mbwa wakubwa, wachungaji, maofisa, mwenye hoteli mmoja, walianza kuja Ndosho kuuliza. Victoire hakuwahi kuanza na kisu. Alianza na kosa lake, alilisimulia lote, beseni la kwanza na la pili, na jibini tatu. Kisha alimwambia mgeni: “Sasa nionyeshe unamulisha na chombo gani.” Kambere, aliyeyapoteza magunia yake manne, alipata kipande cha jibini kila Jumapili, naye kila Jumapili alilalamika kwamba kimepungua.

Gaju alifariki Agosti 2006, usingizini, akiwa na miaka minane na miezi minne. Karatasi haikuwa imekosea.

Huko Goma mbwa aliyekufa hutupwa. Kuchimba shimo kwenye mawe ya volkano ni kazi ya mtaimbo, na watu huifanya kwa ajili ya msingi wa nyumba au kwa ajili ya mtu. Victoire aliazima mtaimbo, akaanza peke yake nyuma ya nyumba. Kambere alimsikia, akavua shati, akaupokea. Walichimba siku mbili, wakibadilishana, cheche zikiruka.

“Mama,” Kambere alisema siku ya pili, amekaa ukingoni akipuliza malengelenge, “hata muzee wangu aliyenizaa hatukumuchimbia hivi.”

“Muzee wako alikuwa na kilo ngapi?”

Walimbeba kwa blanketi, mzee Ntirenganya akiwa ameshika pembe moja ingawa walimkataza. Shimo lilimtosha kwa urefu. Walipotaka kumshusha mzee aliwasimamisha, akainama kutazama, akawaambia wamgeuze: alazwe ubavu wa kuume, kovu la kalamu likae juu, ili upepo uwe na njia.